Sahihi ya Saba

Bariadi mjini hakuna kichwa ambacho sijakishika. Nasema hivyo kila siku na hajatokea wa kunibishia, maana anayetaka kubisha huwa amekaa kwenye kiti changu na mashine imeshafika kisogoni. Mimi ni kinyozi. Ila pia nina stashahada ya sheria, ya masomo ya jioni, nimeitundika ukutani kati ya kioo na zile picha za mitindo ya nywele. Kuna kijana aliwahi kuinyooshea kidole akasema anataka anyolewe ile.

Wateja wananiita wakili. Zamani nilikuwa naitika kwa mbwembwe zote. Siku hizi nacheka tu, naendelea kunyoa.

Chuo chetu kilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine haikuwa na heshima kwa elimu. Mkufunzi akisema "haki", inanguruma, akinyamaza, inanyamaza. Unga ulipenya dirishani ukatua juu ya madaftari, juu ya nyusi, juu ya Katiba. Sheria ya mikataba niliisoma ikiwa na unga, na hadi leo nikilifungua daftari lile napiga chafya mara kumi na nne.

Chumba cha tatu, kidogo kama boksi la viatu, ndicho kilikuwa kliniki yetu ya msaada wa sheria. Wanafunzi ndio tuliokiendesha. Mkufunzi wetu alitusimamia kwa simu, pale mtandao ulipokubali. Tulikuwa saba, wote watu wazima wenye kazi za mchana: mwalimu wa shule ya msingi (mama mkali mwenye kicheko, ambaye tulimfanya mwenyekiti), dada wa steshenari aliyetuchapia, fundi pikipiki, mimi kinyozi, na wengine watatu. Jumamosi tulifungua asubuhi. Mwalimu alileta chai kwenye chupa kubwa, mtu mwingine michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na kabla mteja wa kwanza hajaingia tulikuwa tumeshataniana hadi mbavu zinauma. Fundi alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbele ya hakimu nitamwuliza kama tupunguze pembeni au tushushe zote. Mimi nilimjibu kwamba hati zake zina oili, hakimu akizishika lazima asimamishe kesi akanawe.

Sijawahi kuwa na nyumba iliyonifurahisha kama boksi lile la viatu.

Tulikuwa na sheria moja ya kwetu wenyewe, na lazima niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyotumaliza. Mwanzoni mwenzetu mmoja alimwandikia mzee fulani barua, akaipeleka mahali ambapo siyo, na mzee akarudi anatukana. Tukalaumiana. Nusura tushikane mashati, tena mashati yenye tai. Mwalimu akasema basi: kuanzia leo, nyuma ya nakala yetu ya ofisini tunachora vyumba saba, kila mtu akishasoma anaweka sahihi yake ndani ya chumba kimoja. Karatasi isiyo na sahihi saba haitoki mlango huu.

"Kosa likitoka," alisema, "litoke na sisi wote."

Tulipiga makofi. Ilikuwa kama vile tulivyokua vijijini, ambako jambo haliendi mpaka wote walioketi wamekubali, na anayenyamaza huulizwa. Tuliona tumeleta busara ya nyumbani ndani ya sheria za serikali. Nilijigamba saluni kwamba hata Mahakama ya Rufani haina utaratibu mzuri kama wetu.

Ndipo akaja mayu.

Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na sisi hatukumwita jina lingine. Alitoka Nkololo kwa miguu hadi barabarani, kisha kwa pikipiki ya mtu aliyemhurumia. Alikuwa mjane, nywele ndiyo kwanza zinaota. Alisimama mlangoni akatoa mwadila, salamu ya heshima, amepiga goti kidogo kana kwamba sisi ndio wakubwa, na mwalimu akamkimbilia kumwinua.

Shida yake ilikuwa hivi. Alikaa na mumewe tangu, kwa maneno yake, yeye akiwa bado na meno yote. Walijenga nyumba ya bati, wakalima pamba na mahindi, wakazaa binti mmoja aliyeolewa Maswa, pale Binza. Mume alipofariki, shemeji yake alikwenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, akaomba kuwa msimamizi wa mirathi, na akasema mwanamke huyu si mke. Ng'ombe wa mahari walifika nusu, nusu nyingine ikafa kiangazi, haikulipwa tena. Mahakama ikakubali. Si mke, kwa hiyo si mrithi. Avune kilichopo, kisha aondoke. Alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa, na alipotufikia siku tisa zilikuwa zimekwisha.

Mwalimu alifungua kitabu, akatusomea habari za dhana ya ndoa: watu wakiishi pamoja miaka miwili na jamii ikawaona ni mke na mume, sheria nayo inawaona hivyo. Tukauliza nani atathibitisha kwamba jamii iliwaona hivyo, wakati jamii yenyewe ndiyo hao wa ukoo wanaomkana. Mashine ya kusaga peke yake ikawa inachangia hoja.

Mimi nilikuwa namtazama kichwani. Ni kazi yangu, sina namna. Nikamwuliza, "Mayu, msibani nani alikunyoa?"

Akasema ni wifi yake. Dada mkubwa wa marehemu. Walimkalisha mkekani mbele ya watu wote, shemeji yake mwenyewe akiwa amesimama pale, wakamnyoa unyoaji wa mjane.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kila aliyekuwa mle chumbani alikuwa amezaliwa huku, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke wa kupita hanyolewi. Hawara anaweza kulia hadi macho yatoke, wembe wa ukoo haumgusi. Wakikunyoa, wameshasema wewe ni nani, na wamesema mbele ya mashahidi.

Ikawa sababu ya kwanza ya rufaa. Fundi alinipiga bega akaniita Jaji Mkuu wa Vichwa. Nilitembea wiki nzima kifua kimenitangulia hatua tatu.

Tuliiandika hati ile kwa mapenzi ambayo hata barua ya posa sikuipa. Tuliiandika mara sita. Mwalimu alitoa neno, dada wa steshenari akalirudisha, mwingine akasema sababu ya tatu ianze kwanza. Na kila ilipobadilika, vyumba saba vilichorwa upya. Siku zikaenda. Siku ya ishirini na saba ilikuwa safi, imechapwa, na mayu akaja akatia dole gumba pale chini, akalifuta kwenye khanga. Sahihi sita ziliwekwa jioni hiyohiyo. Ya saba ilikuwa ya fundi, ambaye hakuja darasani.

Hakuja kwa sababu mama yake alikuwa amefariki.

Kwao fundi ni upande wa Nkololo vilevile, kijiji cha jirani na kwa mayu. Kufumba na kufumbua tulikuwa tumefunga kliniki, tumebandika karatasi mlangoni, tunapanga nani anapeleka unga na nani maharage na sufuria. Huku kwetu usipoonekana kwenye msiba wa mwenzako, siku ya kwako utachimba kaburi na mkeo. Wote sita tulikwenda. Mimi nilikuwa na zaidi, maana fundi aliniomba niwe pale siku ya kunyoa matanga, nimalizie vichwa vya wafiwa baada ya wazee kuanza. Nilifunga begi langu: nyembe, mkasi, taulo, sabuni. Na hati ya mayu ndani ya bahasha, katikati ya taulo isipate unyevu. Hesabu yangu ilikuwa nzuri kabisa. Kunyoa kulipangwa asubuhi ya Ijumaa, siku ya thelathini. Ninyoe, fundi asaini, nipande pikipiki, saa sita niko kwa karani wa mahakama, saa saba nakunywa soda.

Kwa nini sikumpa kalamu siku ya mazishi? Kwa sababu mfiwa hashiki kazi. Hakamati jembe, hakamati spana, hapelekewi mambo ya watu. Amekaa chini, ni wa marehemu, mpaka anyolewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumwendea. Na hakuna hata mmoja, sisi sita, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria, aliyesema neno hili dogo: vyumba saba ni vyetu. Mahakama haivijui. Dole gumba la mayu lilikuwa limeshatosha tangu siku ya ishirini na saba.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mayu akitoka kisimani. Alikuwepo msibani tangu siku ya kwanza, akiteka maji ya wapishi. Alibeba ndoo ya bluu ambayo mkono wake ulikuwa umekatika, na badala yake amefungia kipande cha kamba ya katani. Aliponiona alisimama na ndoo kichwani, hata tone halikumwagika.

"Ng'wanone, karatasi yangu imeshafika?"

Mwanangu, ananiita hivyo, mimi mwenye mvi. Nikapiga begi kofi, nikamwambia iko hapa, imebaki sahihi moja. Akauliza ya nani. Nikaonyesha kwa kidevu. Fundi alikuwa ameketi mkekani kati ya ndugu zake, ameinama, mikono yake yenye alama za oili imelala mapajani kama si yake.

Nilimwambia mayu kwamba leo ndiyo mwisho, lakini masjala inapokea hadi saa tisa na nusu, labda nimwendee sasa hivi nimnong'oneze. Nilimwuliza yeye. Mbele za Mungu, nilimwuliza yeye, kana kwamba ndiye aliyekuwa anasomea sheria.

Alimtazama fundi kwa muda.

"Mwache anyolewe kwanza," alisema. "Mtu hapewi kalamu angali na nywele za mama yake."

Nikafurahi, ndiyo kweli. Nilifurahi kwamba amesema mwenyewe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata ikiwa saa tisa na nusu kasoro sekunde moja, mimi na pikipiki tutaingia mahakamani kama radi, karani atajificha chini ya meza. Akacheka, amefunika mdomo kwa kiganja, ndoo imetulia palepale kichwani.

Kunyoa hakukuanza asubuhi. Dada mkubwa wa mama yake fundi alikuwa njiani kutoka Mkula, na wembe hauwezi kuanza bila yeye. Saa nne ikapita. Saa sita. Mwalimu alikuja mara mbili akasimama karibu yangu, akatazama saa yake, akaenda zake jikoni. Saa nane bibi yule akashuka, akasalimia watu wote mmoja mmoja, akalia kilio chake, akapewa maji. Halafu akashika wembe.

Fundi alikuwa wa nne kwenye mstari. Nimenyoa maelfu kwa maelfu ya vichwa, nimenyoa watoto wanaorusha mateke na walevi wanaoimba, sijawahi kumkata mtu. Siku ile nilimkata juu ya sikio. Hakustuka. Nilipomfuta tu, nikaingiza mkono begini, nikamwekea karatasi gotini na kalamu mkononi. Alisaini bila kusoma, nywele bado ziko mabegani. Herufi zake mbili zilikwenda upande nje ya chumba.

Nikaondoka mbio. Ya njiani sitayaeleza. Nilifika dirisha limeshafungwa, na mlinzi, mteja wangu kabisa, ninayemnyoa kila Jumamosi, akaniambia wakili, karani ameondoka sasa hivi, njoo Jumatatu.

Jumatatu karani aliipokea bahasha, akasoma tarehe ya hukumu, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa ncha ya kalamu yake. Alihesabu polepole, kwa sauti. Alipovuka thelathini aliacha kuhesabu, akanirudishia.

Lakini sheria ina mlango wa nyuma. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima uape na ueleze kila siku ya kuchelewa ilikwenda wapi. Tuliketi kuandika kiapo cha mayu, wote saba, fundi akiwa na upara unaong'aa na plasta juu ya sikio. Dada wa steshenari ndiye aliyeuliza: tunaandika habari za sahihi saba?

Mwalimu aligeuza kikombe chake cha chai. Mmoja akasema ikijulikana, chuo kitatufungia. Mwingine akasema mahakama itatucheka, wanafunzi wa sheria wamezuia rufaa kwa vyumba walivyochora wenyewe kwa rula. Nami, msemaji wa Bariadi nzima, nikasema msiba ulikuwepo kweli, tuandike msiba. Tukaandika msiba. Kwamba mwombaji alikuwa kwenye mazishi kijiji cha jirani. Hakuna uongo hata mmoja. Kiapo hicho kilizunguka meza mara moja tu, na sahihi saba zilijaa kabla chai haijapoa.

Hatukuruhusiwa kusimama kumsemea. Tulikaa benchi la nyuma, tumevaa tai. Hakimu alimwuliza mayu alikuwa nani kwa huyo marehemu wa kijiji cha jirani. Akasema jirani. Si dada, si binti? Akasema hapana, jirani, alikuwa anateka maji. Hakimu akamwuliza kama kulikuwa na sababu nyingine yoyote iliyomzuia kuleta karatasi zake, kwa sababu maji ya msibani hayatekwi siku tatu mfululizo na mtu mmoja.

Mayu aligeuka. Alitutazama pale nyuma, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta neno lililoanguka. Kisha akamgeukia hakimu akasema hana nyingine.

Ombi likakataliwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.

Baada ya mavuno shemeji aliingia shambani na maksai wake, akapitisha plau hadi karibu na ukuta wa jiko. Habari hizo tulizipata kwa fundi. Alikuwa bado anakuja kliniki, ila akishafika anakaa nje, anatengeneza pikipiki za watu. Mimi na yeye tuliacha kutaniana. Hatukugombana. Nilikuwa nikijaribu utani, unatoka, unatua mezani, hakuna anayeuokota.

Mayu alikuja mara ya mwisho siku ya Jumatano. Anahamia Binza kwa binti yake, alisema, chumba kimoja, lakini mkwe ni mtu mzuri. Alimsalimia fundi kwanza, akampa tena pole ya mama yake, akaomba kuona kidonda cha sikio kama kimepona. Halafu akaomba karatasi zake. Mwalimu alimkabidhi zote: hukumu, kiapo, na hati ile ya rufaa tuliyoiandika mara sita. Kisha akajifanya anatafuta pini ya kubania.

"Na nina ombi moja," mayu akasema. "Nilikuwa naona haya."

Tukasema sema, mayu, chochote. Nafikiri angeomba nyumba yangu siku ile ningempa, na saluni juu yake.

Akaonyesha kona ya mlangoni. Pale tulikuwa tunaweka maji ya kunywa ya wateja, na kikombe cha bati kimeelea juu. Ndoo ya bluu. Badala ya mkono, kamba ya katani. Kesho yake ya ile Ijumaa nilirudi msibani, tukapakia vyombo vyetu kwa haraka, tukaichukua na masufuria. Mimi ndiye niliyeibeba. Tangu hapo alikuwa amekuja kliniki mara tatu, na mara zote tulimkaribisha maji humo, akanywa, akashukuru, akasema wabeja.

"Niliiona tangu mwanzo," alisema. "Nikasema acha, wanaitumia. Lakini sasa nahama, na sina nyingine."

Nilikuwa wa kwanza kuinuka. Nilitoa maji nje, nikayamwaga kwenye vumbi lenye unga, nikaifuta ndoo kwa taulo langu la saluni, ndani na nje, nikaifuta tena. Nilitaka kusema kitu cha kumchekesha. Nina vitu elfu vya kumchekesha mtu, ndiyo riziki yangu, na kimoja hakikuja.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akatia zile karatasi ndani, zote, akaziegemeza vizuri zisikunjike, akajitwisha. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, kwa hiyo kama aliaga sikusikia. Nilimwona tu akivuka barabara kuelekea stendi, ameinyoosha shingo, hashiki ndoo kwa mkono.